Leseni ya Fundi wa Sola: Usiulize Tu Kama Anayo, Uliza ni ya Daraja Gani

Tangu mvua ikatike, maswali ya sola yamezidi yale ya mbolea kwenye simu yangu. Mmoja anataka kuweka pampu kwenye kisima ili apande nyanya za kiangazi. Mwingine ana mashine ya kutotolesha vifaranga na amechoka kupoteza mayai kila stima ikipotea. Mwingine anajenga nyumba shambani na hataki hata kungoja nguzo za Kenya Power. Karibu wote huuliza bei ya paneli. Wachache sana huuliza habari za yule mtu atakayezipandisha juu ya mabati, na hao wachache huuliza hivi: "Afisa, si bora tu awe na leseni?"

Hapana, haitoshi. Leseni za mafundi wa sola hapa Kenya zina madaraja, na fundi anaweza kuwa na leseni halali kabisa lakini mtambo wako ukawa mkubwa kuliko ile leseni inavyomruhusu. Hapo ndipo vijana wengi huumia, kwa sababu waliona kikaratasi chenye muhuri wakaridhika.

Kwanza tutoe hofu moja. Wengine wenu mmeniuliza kama wewe mwenyewe, mwenye shamba, unahitaji leseni ya kuzalisha umeme. Sheria ya Nishati ya 2019 haikudai leseni ya kuzalisha kama umeme ni wa matumizi yako mwenyewe na mtambo hauzidi megawati 1. Megawati moja ni wati milioni moja. Ukitumia paneli za wati 550, hizo ni zaidi ya paneli 1,800. Sijaona kijana wa kata yangu aliyefika huko, na akifika atakuwa na wakili wake. Kwa hivyo wewe mwenye boma uko sawa. Anayehitaji leseni ni anayefanya kazi ya kuchora, kufunga, kutengeneza au kuuza mitambo hiyo.

Anayetoa leseni hiyo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, yaani EPRA. Ile ile inayotangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Zamani iliitwa ERC, kwa hivyo ukiona karatasi ya kale yenye jina hilo usishangae, lakini itazame tarehe.

Madaraja matatu

Kanuni za umeme wa jua za 2012 ziligawa mafundi katika madaraja matatu: T1, T2 na T3.

T1 ni wa mitambo midogo. Betri moja, umeme wa moja kwa moja bila inveta, na paneli zisizozidi wati 100. Fikiria taa nne, redio na kuchaji simu. T2 anapanda kidogo: paneli kadhaa lakini jumla isizidi wati 300, betri zaidi ya moja, na hapa inveta inaweza kuwepo. T3 ndiye wa mitambo mikubwa, pamoja na ile inayounganishwa na stima ya Kenya Power na ile ya mseto, yaani sola na jenereta, au sola na stima.

Sasa nenda duka lolote la sola mjini uangalie paneli zilizoegeshwa ukutani. Nyingi ni za wati 400, 450, 550. Soma kibandiko cha nyuma. Paneli moja tu ya wati 550 tayari imempita fundi wa T2. Moja! Hata hujafika kwenye pampu.

Madaraja haya yaliandikwa wakati mtambo wa nyumbani ulikuwa paneli ndogo juu ya banda na betri ya gari chini ya meza. Vifaa vimekua, bei ya paneli imeshuka, na leo mkulima wa kawaida ananunua kwa siku moja kitu ambacho wakati ule kingeitwa mtambo mkubwa. Matokeo yake ni kwamba karibu kila mtambo wa shamba la biashara unamhitaji T3. Kuna mafundi wengi wazuri wa T1 na T2 wanaofanya kazi hizi kila siku, na hawaoni ubaya, kwa sababu mteja haulizi.

Unajuaje mtambo wako ni wa daraja gani

Usingoje fundi akwambie. Piga hesabu mwenyewe, ni ya darasa la sita tu.

Tuchukue mashine ya kutotolesha. Kipasha joto chake huwaka na kuzima, kwa hivyo usisome tu ile namba kubwa kwenye kibandiko. Pima matumizi ya siku nzima kwa mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi. Tuseme umepata wastani wa wati 150. Kwa saa 24 hizo ni 150 mara 24, sawa na wati-saa 3,600. Sehemu nyingi za Kenya unaweza kuhesabu saa tano hivi za jua kali kwa siku. Gawanya 3,600 kwa 5, upate wati 720. Lakini kuna umeme unaopotea kwenye waya, inveta, betri, vumbi na joto la paneli, kwa hivyo gawanya tena kwa 0.7. Unafika wati 1,030 hivi. Hizo ni paneli mbili za wati 550, kwa mashine moja tu, bila friji ya chanjo, bila taa ya nyumba, bila televisheni ya watoto.

Ni kazi ya T3 hiyo. Hakuna mjadala.

Na betri? Usiku pamoja na zile saa za asubuhi na jioni ambazo jua ni hafifu, tuhesabu saa 14. Mara 150, unapata wati-saa 2,100. Duka litakuuzia betri ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100, na itaonekana inatosha kwa sababu 25.6 mara 100 ni 2,560. Lakini ukiilinda betri yako usishushe zaidi ya asilimia 80 ya chaji yake, unabaki na 2,048. Imepungua kidogo hata kabla ya siku moja ya mawingu ya Julai. Mayai hayaelewi habari ya mawingu. Siku ya kumi na nane joto likishuka kwa saa nyingi, umepoteza kundi zima na wateja waliolipa arbuni.

Nimeingia katika hesabu hii kwa makusudi. Daraja la leseni halipimi tu kama mtu anajua kushika bisibisi, maana kuunganisha waya mwekundu na mweusi hata wewe utajifunza kwa wiki moja. Linapima kama anaweza kupanga mtambo ukutosheleze na usikuchome. Ukimwona fundi anakupa bei kwenye simu bila kuuliza mashine yako inakula wati ngapi na kwa saa ngapi, huyo hajapanga kitu.

Yaliyompata kijana mmoja

Kuna kijana wa huku kwetu, sitamtaja, anayelima pilipili hoho na vitunguu kando ya mto wa msimu. Alichukua mkopo wa SACCO akanunua pampu na paneli nane za wati 550. Fundi alikuja, akafunga kwa siku moja na nusu, maji yakapanda, watu wakapiga picha. Kwa miezi mitatu hivi kila kitu kilikuwa shwari.

Mchana mmoja kisanduku cha swichi kilichofungwa ukutani kwenye stoo kiliwaka moto. Ndani ya stoo alikuwa amepanga marobota ya nyasi za ng'ombe. Unajua mwenyewe kilichofuata. Hakuna mtu aliyeumia, shukrani kwa Mungu, lakini stoo iliisha, nyasi zikaisha, kidhibiti cha pampu kikaisha, na vitunguu vilikuwa vinaanza kujaza.

Nilipofika, jambo la kwanza aliloniambia ni hili: "Afisa, yule jamaa alikuwa na leseni. Niliiona kwa macho yangu, hata nikaipiga picha."

Akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa leseni ya kweli, haijaisha muda. Ya T1.

Wati 4,400 za paneli, mikononi mwa mtu aliyeruhusiwa wati 100. Na kilichowaka kilikuwa breka ya kawaida, ile ya stima ya nyumbani, iliyowekwa kwenye umeme wa paneli. Nieleze hapa, kwa sababu watu wengi hudhani umeme ni umeme.

Stima ya Kenya Power hubadilisha mwelekeo, na hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Breka ikifunguka, ile cheche inayoruka katikati hupata nafasi ya kuzimika kila inapopita sifuri. Umeme wa paneli haufanyi hivyo. Unatiririka upande mmoja bila kupumzika, kwa hivyo cheche ikianza inaweza kuendelea kuwaka kama mwali wa mchomeleaji hadi imalize plastiki, na kisha ukuta. Breka za umeme wa jua zimetengenezwa tofauti ili kukata cheche hiyo, na zimeandikwa DC pamoja na volti zake. Zinauzwa ghali kuliko zile za kawaida. Fundi asiyejua, au anayejua lakini anataka kuokoa pesa, ataweka ile ya bei rahisi. Itafanya kazi vizuri, mpaka siku itakapotakiwa kukata.

Tena paneli nane za namna hiyo zikifungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti karibu 50 bila mzigo, unapata karibu volti 400. Hizo si volti 12 za betri ya pikipiki unazoweza kugusa ukacheka. Zinaua. Na huwezi kuzizima kwa kubonyeza swichi, kwa sababu jua likiwa juu paneli zinazalisha tu.

Muuzaji wa kidhibiti alikataa dhamana. Alisema masharti yalidai kifaa kifungwe na fundi mwenye leseni inayostahili, na kweli ilikuwa imeandikwa kwenye kijitabu, ukurasa ambao hakuna mtu husoma. Fundi naye akawa mteja. Simu haipatikani mpaka leo. SACCO, nayo, haikuwa mteja hata siku moja. Ilipiga kila mwisho wa mwezi.

Fundi wa stima si lazima awe fundi wa sola

Hili nalipitia haraka. Wale mafundi wanaovuta nyaya za nyumba wana leseni yao nyingine ya EPRA, ya mafundi wa umeme, yenye madaraja ya herufi A hadi C. Ni karatasi nzuri na inahitajika kwa nyaya za ndani ya nyumba yako. Lakini haimpi ruhusa ya kufunga sola. Fundi aliyekuwekea stima kwa mama yako miaka kumi iliyopita bila tatizo lolote bado anahitaji leseni ya T ili apande juu ya paa na paneli. Wengine wana zote mbili, na hao ukiwapata ni raha, kwa sababu nyumba nyingi za shamba zina mambo yote mawili yakikutana kwenye ubao mmoja.

Kampuni nayo ina yake

Ukienda kwa kampuni au duka linalouza na kufunga, kuna leseni ya biashara yenyewe, tofauti na ya fundi. Utaiona imewekwa kwenye fremu nyuma ya kaunta. Kampuni haiwezi kupanda juu ya paa. Anayepanda ni mtu. Kwa hivyo unauliza mambo mawili: leseni ya kampuni, na jina la fundi atakayekuja kwako pamoja na leseni yake.

Hapa kuna mchezo ambao nimeuona zaidi ya mara moja. Kampuni ina T3 mmoja aliyesajiliwa. Jina lake liko kwenye karatasi zote. Siku ya kazi wanakuja vijana watatu kwa probox, hakuna hata mmoja mwenye leseni, na yule T3 yuko kaunti nyingine. Vijana wasaidizi si ubaya, kila fundi alianza hivyo. Lakini mwenye leseni anatakiwa awepo kusimamia, na hasa awepo wakati wa kupima na kuwasha. Mwambie muuzaji kabla hujalipa: "Nataka fulani, mwenye leseni namba fulani, awe hapa siku ya kuwasha." Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu lako.

Jinsi ya kuhakiki

Usikubali picha ya WhatsApp peke yake. Picha huhaririwa, na hata ikiwa ya kweli inaweza kuwa ya mtu mwingine. Omba leseni yenyewe na kitambulisho, ulinganishe majina. Tazama daraja. Tazama tarehe ya mwisho. Kisha chukua namba ya leseni uitafute kwenye orodha ya wenye leseni ambayo EPRA huiweka kwenye tovuti yake. Usipomwona, piga simu ofisi zao au uwaandikie. Ni dakika kumi za bando.

Vijana wengine huona haya kuuliza, hasa fundi akiwa mtu mzima wa kijiji kile kile, labda hata ni mjomba. Naelewa. Huwezi kumkabili mzee kama askari wa trafiki. Mwambie kwa heshima, "Mzee wangu, SACCO wanataka nakala ya leseni yako kwenye faili ya mkopo." Si uongo ukiiweka kweli kwenye faili, na mimi nakushauri uiweke. Fundi mwenye leseni hukasirika mara chache akiulizwa. Wengi huifurahia, kwa sababu walilipia mafunzo na mtihani na wanapoteza kazi kila siku kwa watu wasio na chochote.

Habari ya bei

Utapata makadirio mawili, moja chini sana. Usikimbilie kusema yule wa juu ni mwizi. Kaa na karatasi zote mbili mezani uzilinganishe mstari kwa mstari. Mara nyingi tofauti iko kwenye vitu ambavyo havionekani kwenye picha ya Facebook: breka za DC, kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi, waya wa ardhini na chuma chake, unene wa waya kutoka paneli hadi pampu, na fremu ya kushikilia paneli.

Huku kwetu radi si hadithi. Mtambo usio na waya wa ardhini unaochezea volti 400 kwenye mlima ulio wazi ni kamari. Unene wa waya nao una hesabu yake. Ukivuta waya mwembamba mita 80 kutoka paneli hadi kisimani, sehemu ya umeme uliolipia inageuka joto njiani, pampu inasukuma maji kidogo, na wewe unalaumu pampu.

Na kuna jambo ambalo fundi wa kubahatisha hulikosa kabisa: baridi. Paneli ikipoa, volti zake hupanda. Chukua paneli tisa za volti 49.5 zikiwa mfululizo. Hizo ni volti 445. Kidhibiti kimeandikwa mwisho 450, kwa hivyo kwenye karatasi zimeingia. Lakini namba hiyo ya kibandiko imepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25. Alfajiri ya Kinangop yenye nyuzi 8, jua likichomoza ghafla, volti zinaweza kupita 460 na kidhibiti kikaaga dunia kabla ya chai. T3 aliyefundishwa hulipigia hesabu hilo. Mwulize tu: "Umehesabu volti za asubuhi ya baridi?" Jibu lake litakwambia mengi kuliko karatasi.

Karatasi za kudai

Kabla ya kulipa hata shilingi, pata makadirio yaliyoandikwa yenye jina la kila kifaa, namba ya modeli na idadi. Usikubali "paneli 8, inveta 1, vifaa vingine". Hivyo vifaa vingine ndivyo vilivyowaka kwenye ile stoo.

Gawanya malipo. Sehemu ya kwanza ya kununulia vifaa, ukiweza ununue mwenyewe na risiti iwe kwa jina lako. Sehemu ya pili vikifungwa. Ya mwisho, na iwe pesa ya maana, baada ya mtambo kupimwa mbele yako na kufanya kazi siku kadhaa. Mtu aliyeshalipwa yote hana haraka ya kurudi kurekebisha.

Mwishoni dai mchoro wa jinsi nyaya zilivyounganishwa, hata wa kalamu, karatasi ya vipimo alivyosoma siku ya kuwasha, kadi za dhamana, na barua fupi yenye jina lake, namba ya leseni, daraja na sahihi kwamba yeye ndiye aliyefunga. Piga picha namba za kila paneli kabla hazijapanda juu. Kampuni nyingi za paneli hutoa dhamana ya miaka 25 ya uzalishaji, lakini dhamana bila namba na risiti ni hewa. Ukiwa na bima ya boma au mkopo, hiyo barua ndiyo itakayotafutwa siku ya shida.

Kama una stima ya Kenya Power

Ukitaka sola ichanganyike na stima, T3 ni lazima, hata kama paneli ni chache. Sababu ni ya uhai wa mtu mwingine. Stima ikipotea, fundi wa Kenya Power hupanda nguzo akiamini nyaya zimelala. Kama inveta yako ilifungwa vibaya na inarudisha umeme barabarani, unaweza kumuua mtu usiyemjua. Inveta sahihi hujikata yenyewe stima ikipotea, na mfumo wa kubadilisha kati ya sola na stima hufungwa ili visikutane kamwe. Ukitaka kupeleka ziada yako kwenye gridi, kuna utaratibu wa maombi na mita yake kupitia Kenya Power. Usiruhusu mtu akuunganishie kimyakimya.

Na wale wa visima, sola haikuondolei kibali cha maji. Kuchimba na kuvuta maji ya kisima kirefu bado unahitaji ruhusa ya WRA. Nimeona mtu ameweka mtambo wa bei kubwa juu ya kisima kisicho na karatasi.

Kama tayari ulifungiwa na mtu asiye na daraja

Usiogope na usiufungue mwenyewe, tafadhali. Mlipe T3 aje akague. Mwonyeshe mambo haya hasa: breka zote kati ya paneli na kidhibiti, kama zimeandikwa DC na volti zinazotosha, viungio vya nyaya juu ya paa, kama vya kampuni mbalimbali vimechomekwa pamoja kwa nguvu, maana huko joto huanza, waya wa ardhini, na mahali betri zinapokaa. Betri za maji hutoa gesi inayowaka wakati wa kuchaji, hazifai chumba cha kulala wala stoo ya nyasi. Wa kuku, ondoeni inveta ndani ya banda. Vumbi la maranda na ile hewa kali ya kinyesi cha kuku hula viungio na feni kwa muda mfupi. Wakati unamngoja, hamisha kila kitu kinachoshika moto kitoke karibu na visanduku. Hiyo haihitaji leseni.

Kuhusu yule fundi wa kijijini, sisemi mumtupe. Mwiteni afanye kazi chini ya T3, achimbe nguzo, afunge fremu, avute mabomba, na alipwe. Na mwambieni asome. Mafunzo ya sola yanatolewa katika vyuo vilivyoidhinishwa, kuna mitihani ya NITA kwa ngazi za chini, na T3 hufundishwa mahali kama Chuo Kikuu cha Strathmore kwa wale wenye msingi wa umeme. Nawaambia hata ninyi wenye stashahada ya umeme mliorudi shambani: angalieni wakulima wangapi kwenye wadi yenu wana pampu za sola, halafu mhesabu T3 mnaowajua kwa majina. Mimi nilipohesabu wa kwetu sikumaliza vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao nimemwomba aje siku ya wakulima Alhamisi ijayo uwanja wa shule. Leteni picha za mitambo yenu, na zile za kibandiko cha nyuma ya paneli zisisahaulike.